Poka si Karata Tatu

Mazungumzo haya yalisomwa redioni wiki hii. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji wetu ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.

Mpenzi msikilizaji, wiki hii nimepokea ujumbe kutoka Ibaba, wilayani Ileje, katika Mkoa wa Songwe. Mwandishi wake ni mkulima. Anasema mdogo wake aliteremka hadi Tunduma akiwa na fedha za kununulia mbolea, akapita stendi, akakuta watu wamekizunguka kibao cha karata tatu. Haikupita hata nusu saa akawa amebaki mikono mitupu. Sasa kijana huyo amesikia kwamba katika simu upo mchezo mwingine wa karata uitwao poka, ambao wenzetu wa Marekani na Ulaya huucheza kwa akili na wengine wakatajirika, naye anadai kwamba fedha ya mbolea itarudi kwa njia hiyo. Kaka mtu anauliza: hiyo poka ni kitu gani, na je, ina tofauti yoyote na karata tatu?

Ndugu yangu wa Ibaba, tofauti ipo, tena ni kubwa. Lakini haimsaidii mdogo wako kama anavyodhani, na ili uone ni kwa nini, inabidi tuupitie mchezo wenyewe, ulikotoka na unavyochezwa.

Kwanza tuimalize hiyo karata tatu. Mchezeshaji ana karata tatu, moja ndiyo ya ushindi, tuseme ree ya kopa. Anazionyesha, anazigeuza kifudifudi, anazihamishahamisha, kisha anakuambia uchague. Mwenye hesabu za darasani atasema nafasi ya kushinda ni moja katika tatu. Kwa mgeni nafasi hiyo haipo kabisa. Mchezeshaji hushika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine. Macho ya watu huamini kwamba inayoangushwa kwanza ni ile ya chini, kumbe yeye ameiachia ya juu. Yule bwana mwenye koti anayeshinda noti ya elfu kumi mbele ya macho yako ni mwenzake. Na yule anayekunong'oneza kwamba karata ya ushindi imekunjwa kona kidogo, naye ni mwenzake. Hapo hakuna kanuni ya kujifunza, maana mchezo haupo. Ni wizi kama wizi mwingine wa stendi.

Poka ni mchezo kweli, una kanuni, na unachezwa kwa karata hizi hizi tunazozijua.

Na hapa niruhusu nichepuke kidogo, kwa sababu majina ya karata zetu yana historia tamu ambayo wachezaji wengi hawaifahamu. Neno karata lenyewe tulilichukua kwa Wareno, waliofika pwani yetu na Vasco da Gama mwaka 1498 na kukaa Mombasa hadi Ngome ya Yesu ilipotekwa na Waomani mwaka 1698. Turufu pia ni neno lao. Kopa kwa Kireno maana yake vikombe, uru ni dhahabu, pau ni marungu, na shupaza ni panga. Sasa itazame karata ya kopa: huoni kikombe, unaona moyo. Uru haina sarafu ya dhahabu. Picha zilizochapishwa ni za Kifaransa, lakini majina yamebaki yale ya zamani. Tena Wareno hawakuyabuni wenyewe. Katika jumba la makumbusho la Topkapi, Istanbul, zimehifadhiwa karata za Misri ya enzi ya Wamamluki, nazo zina vikombe, sarafu, panga na fimbo za kuchezea polo. Karata ziliingia Ulaya kutoka nchi za Kiislamu katika karne ya 14. Kwa hiyo kijana anayepiga meza na kutamka "shupaza!" pale Kariakoo anatamka upanga uliotoka Misri, ukapita Ureno, ukatia nanga Mombasa.

Wareno walituachia vilevile namna ya kuhesabu. Wanaocheza wahedi wasitini wanajua kwamba ree ina pointi 11, saba ina 10, mfalme 4, ghulamu 3 na bibi 2. Ndiyo maana wazee humwita mfalme mzungu wa nne, ghulamu mzungu wa tatu na bibi mzungu wa pili. Jumlisha utapata 30 kwa kila aina, na 120 kwa aina zote nne. Atakayefikisha 61 amepita nusu, ameshinda, na 61 kwa Kiarabu ndiyo hiyo wahedi wasitini.

Nimeyataja haya kwa sababu mchezaji wa wahedi wasitini akikaa kwenye poka, mazoea yake yatamponza mara mbili. Kwanza, katika poka saba ni saba tu, inapigwa na nane. Pili, bibi ni mkubwa kuliko ghulamu. Mpangilio wa poka unatoka ree, mfalme, bibi, ghulamu, kumi, tisa, na kushuka hadi mbili. Hakuna turufu, na kopa haina cheo kuliko pau.

Poka yenyewe ilizaliwa Marekani, katika mji wa New Orleans na kandokando ya mto Mississippi, mwanzoni mwa karne ya 19. Mji ule ulikuwa umetawaliwa na Wafaransa, na wataalamu wengi wanaona jina la poka limetokana na mchezo wa Kifaransa ulioitwa poque. Wapo wanaousogeza mchezo huu hadi Uajemi, ila ushahidi wao ni mwembamba. Mwigizaji mmoja wa Kiingereza, Joe Cowell, aliandika kumbukumbu zake mwaka 1844 na kueleza mchezo aliouona melini mwaka 1829. Wakati ule zilitumika karata 20 tu, kuanzia kumi hadi ree, wachezaji wanne, kila mmoja tano, na karata zinakwisha. Baadaye zikaja karata zote 52, ndipo wachezaji wengi zaidi wakapata nafasi mezani.

Meli za mto Mississippi zilijaa wafanyabiashara wa pamba wenye fedha taslimu, na palipo na fedha taslimu matapeli hawachelewi. Chuki ilipanda hadi, mwezi Julai mwaka 1835, wakazi wa mji wa Vicksburg wakawanyonga wacheza kamari watano bila hata kuwafikisha mahakamani. Nalitaja hili kwa wale wanaodhani kwamba poka ilianza kama burudani ya mabwana wenye tai.

Aina inayochezwa zaidi siku hizi huitwa Texas Hold'em. Mji mdogo wa Robstown, Texas, ndio unaotambuliwa na jimbo lile kuwa chimbuko lake. Kuanzia mwaka 1970 mashindano makubwa ya kila mwaka yamekuwa yakifanyika Las Vegas. Kisha ukaja mwaka 2003, na hapa ndipo habari za utajiri zilipoanzia. Mhasibu wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker, na hilo ndilo jina lake halisi, alilipa dola 86 kwenye mchujo wa intaneti, akapata tiketi ya mashindano ambayo kiingilio chake kilikuwa dola 10,000, akashinda dola milioni 2.5. Dunia nzima ikasikia. Ambalo halikusikika sana ni kwamba washiriki walikuwa 839 na waliolipwa chochote ni 63.

Haya, tukae mezani.

Kila mchezaji anapewa karata mbili, anazitazama peke yake. Kabla ya kugawa, wachezaji wawili walio kushoto kwa mgawaji wanalazimika kuweka dau, wa kwanza dogo, wa pili mara mbili yake. Lengo ni kuwa mezani pawe na kitu cha kugombea. Zamu hii ya kulazimishwa inazunguka, kila mmoja itamfikia. Baada ya kuziona karata zako unaweza kufanya moja kati ya mambo matatu: kufuata, yaani kuweka kiasi kile kile alichoweka mwenzako, kupandisha, yaani kuweka zaidi, au kutupa karata zako na kujitoa. Ukijitoa, ulichokwisha kuweka kimekwenda.

Walioendelea wanafunguliwa karata tatu katikati ya meza, nazo ni za wote. Wanaweka dau tena. Inafunguliwa ya nne, dau tena. Inafunguliwa ya tano, dau la mwisho. Katika raundi hizi, kama hakuna aliyeweka kitu kabla yako, unaweza kupita bila kulipa. Mwishoni waliobaki wanaonyesha karata zao, na kila mmoja anaunda tano bora kutoka katika saba, yaani mbili zake na tano za mezani. Lakini ikiwa wote wamejitoa isipokuwa mmoja, huyo anazoa fedha zote bila kumwonyesha mtu chochote.

Hapo ndipo penye roho ya poka. Katika wahedi wasitini huwezi kushinda kwa karata mbovu dhidi ya nzuri kwa kukaza uso tu. Katika poka inawezekana. Unapandisha dau kwa kujiamini, mwenzako anaogopa, anatupa jozi yake nzuri, nawe ulikuwa huna lolote. Vijana wangesema umempiga mkwara. Mkwara katika poka ni sehemu halali ya mchezo, wala haulaumiwi. Kuficha karata kwenye mkono wa shati ndiko kunakolaumiwa.

Je, karata tano bora ni zipi? Watu hulikariri jedwali hili kama sala bila kujua mantiki yake, ilhali ni rahisi: kilicho adimu zaidi ndicho kinachoshinda. Katika karata 52 unaweza kupata mikono ya karata tano ya namna 2,598,960. Kati ya hiyo, mikono 1,302,540 haina kitu chochote. Ni zaidi ya nusu, na hapo hushinda mwenye karata kubwa kuliko zote. Jozi moja, kwa mfano wafalme wawili, ni mikono 1,098,240. Jozi mbili ni 123,552. Tatu za namba moja ni 54,912. Mfululizo, kama tano, sita, saba, nane, tisa za aina yoyote, ni 10,200. Karata tano za aina moja, mathalani zote kopa, ni 5,108, na ndiyo maana zinaupiga mfululizo. Tatu na mbili, yaani tatu za namba moja pamoja na jozi, ni 3,744. Nne za namba moja ni 624. Mfululizo wa aina moja ni 40, na minne kati ya hiyo ndiyo inayoanza na kumi na kuishia na ree, ambayo haishindwi na chochote. Unaweza kucheza maisha yako yote usiuone.

Ukiziangalia tarakimu hizo utaelewa kosa kubwa la mgeni: kucheza kila karata anayopewa. Mara nyingi hana kitu, na hata akipata jozi ya ree mkononi, ambayo huja mara moja katika 221, bado hajashinda. Dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata za bahati nasibu, ree mbili zitashinda takriban mara 85 katika 100. Dhidi ya wapinzani tisa waliobaki hadi mwisho, hushinda mara 31 hivi tu. Mchezaji mzoefu hutupa karata mara nyingi kuliko anavyocheza, na ukimtazama utadhani amechoka.

Nitoe mfano wa hesabu, maana ndio unaomtenganisha mzoefu na mgeni. Umeshika ree ya kopa na tisa ya kopa. Mezani pamefunguliwa kumi ya kopa, nne ya kopa, bibi wa shupaza na sita ya pau. Imebaki karata moja. Ikiwa kopa, utakuwa na kopa tano na karibu hakika umeshinda. Kopa ni 13, umeziona nne, zimebaki tisa. Karata ambazo hujaziona ni 46. Kwa hiyo tisa zinakufaa na 37 hazikufai.

Sasa fedha mezani ni shilingi 8,000, na mpinzani wako anaweka 2,000. Wewe nawe unatakiwa kuweka 2,000 ili kugombea 10,000. Fikiria jambo hili linatokea mara 46. Mara 37 utapoteza 2,000, jumla 74,000. Mara tisa utapata 10,000, jumla 90,000. Una faida, fuata. Lakini kama angeweka 8,000 badala ya 2,000, ungetakiwa kulipa 8,000 kugombea 16,000. Mara 37 ungepoteza, jumla 296,000. Mara tisa ungepata, jumla 144,000. Tupa karata. Kopa ni zile zile, hamu ni ile ile, bei ndiyo iliyobadilika. Mgeni hutazama kopa zake tu. Mzoefu hutazama bei.

Ndugu yangu wa Ibaba, sasa ninaweza kulijibu swali lako. Karata tatu inamwibia mdogo wako kwa vidole. Poka itamchukulia fedha kwa hesabu, mchana kweupe, bila mtu kufanya kosa lolote. Poka haizalishi mali. Watu sita wakikaa na shilingi 20,000 kila mmoja, mezani pana 120,000, wala hapatakuwa na zaidi. Kila shilingi anayoondoka nayo mmoja imetoka mfukoni kwa mwingine. Tena mwenye nyumba hukata chake kidogo katika kila mzunguko. Tuseme kwa saa moja anakata 4,000. Baada ya saa tano wale sita wanagombea 100,000. Hata kama wote wana akili sawa, kwa wastani kila mmoja ameshapoteza zaidi ya 3,000 kwa kukaa tu. Ili mtu ashinde kwa muda mrefu lazima awepo mezani mwingine asiyejua, tena asiyejua vya kutosha kulipia na lile kato. Na kijana aliyejifunza juzi, anayecheza kwa fedha ya mbolea, anayehitaji kuirudisha kabla mvua hazijaanza, huyo ndiye wenzake wanayemsubiri. Mwenye haraka hafuati bei, hufuata karata.

Katika simu hali ni ngumu zaidi. Humwoni unayecheza naye. Wawili wanaweza kuambizana karata zao. Isitoshe, mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wakishirikiana na kampuni ya Facebook walitangaza programu ya kompyuta, Pluribus, iliyowashinda wachezaji wa kulipwa katika meza ya watu sita. Programu haichoki, haikasiriki, wala mkwara haiutishi.

Kuhusu sheria, nitasema kwa ufupi. Nchini kwetu michezo ya fedha inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Kasino na michezo ya mtandaoni inahitaji leseni yake, na aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kushiriki. Kibao cha stendi hakina leseni na hakitapewa. Dini nazo zina hukumu zake kuhusu kamari, ila mimi si shehe wala mchungaji, hilo nawaachia wenyewe.

Je, basi asijifunze? Kwa maoni yangu, ajifunze, ila si kwa fedha. Hesabu ya kopa niliyoieleza ni hesabu nzuri kwa kijana yeyote, na mchezo wenyewe, nikiri, unanoga. Chukueni karata za kawaida, mziondoe jokari. Kaeni wanne au watano, kila mmoja ahesabiwe punje 100 za mahindi. Dau la lazima liwe punje moja kwa wa kwanza na mbili kwa wa pili. Mwekeni mtoto wa nyumbani awe mwenye nyumba, achukue punje moja katika kila mzunguko unaofika karata tatu za mezani, azitie kwenye kikombe. Chezeni jioni mbili tatu, mkiandika kila mmoja ameondoka na punje ngapi, kisha mzihesabu na zile zilizomo kikombeni. Mdogo wako aizishike mwenyewe hesabu hizo.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia bao, maana nimeletewa maswali matatu kuhusu namna ya kuanza kete. Hadi hapo, kwaherini.